Reli Katika Mchicha wa Mama Mkwe

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Mei, jirani yangu wa kishambani alisimama mpakani akiwa na fungu la reli begani, akaniuliza kama ningemruhusu afike Bahari ya Pasifiki kwa kupitia kwangu.

Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kutazama simu nione kama mvua itatuwahi. Bahari ya Pasifiki inahitaji maelezo.

Hapa Birmingham halmashauri hukodisha vishamba kwa wakazi wasio na pa kulima nyumbani. Chetu kiko nyuma ya safu za nyumba za Sparkhill, ndani ya uzio wa waya, kati ya vishamba vingine vilivyopangwa kama vitanda vya wodi. Sheria zake ni nyingi, lakini yenye meno ni moja: robo tatu ya kishamba lazima iwe imelimwa. Kila Juni kamati ya wakulima hupita na tepu ya kupimia. Ukipungukiwa unaondolewa, na kishamba anapewa anayefuata kwenye foleni.

Mimi ni fundi wa lifti na sikuwahi kupenda jembe. Kishamba nilikitafuta kwa ajili ya mama mkwe. Alikuja kwetu kutoka Tanga baada ya baba mkwe kufariki, na majira yote ya baridi ya kwanza aliketi karibu na kipasha joto cha sebuleni akitazama ukuta. Alijibu salamu, alisali, alikula kidogo, basi. Mke wangu aliogopa. Siku niliyomleta kishambani, mama aliutazama udongo, akavua glavu, akaninyang'anya jembe na kuniambia kuwa mchicha nimeusia kama mtu anayerushia kuku mtama. Jioni nilimweleza mke wangu kwamba mama yake amenitukana, akalia kwa furaha. Tangu siku hiyo mama alikwenda kila asubuhi, mvua au jua. Kwa hiyo kishamba kile hakikuwa mboga. Kilikuwa ndicho kinachomtenganisha mama na ule ukuta.

Jirani yetu alikuwa Mwingereza wa zaidi ya miaka sabini, mstaafu wa kiwanda cha magari, mkazi wa Northfield. Alimwita kila mtu "bab", kama wazee wa jiji hili wanavyofanya, awe mwanamke, mwanamume au mbwa. Kwenye kishamba chake, kati ya kabichi na viazi, alikuwa amejenga reli ndogo ya magharibi ya Marekani ya karne ya kumi na tisa. Kichwa cha treni kilikuwa na ukubwa wa mkate wa boflo na bomba la moshi refu kama faneli. Palikuwa na mji wa barabara moja, wenye kanisa, duka la nafaka, baa na jela. Palikuwa na nyati wa plastiki, wanane, wote wakitazama upande mmoja.

Mimi nina desturi ya kujisomea. Shule niliiacha mapema, basi nimejipangia mada moja kwa mwaka na kuisoma hadi mwisho. Mwaka mmoja ilikuwa kufuli, mwaka mwingine kipindupindu. Mwaka ule, kwa bahati tu, ilikuwa reli za Marekani na walowezi waliozifuata. Jirani alikiona kitabu changu cha maktaba juu ya kreti, na urafiki ukaanza. Yeye alijua magurudumu, filimbi na rangi za mabehewa. Mimi nilijua mikataba, ruzuku za ardhi na vita. Tulikuwa kama watu wawili waliogawana kitabu kimoja, huyu akasoma kurasa zote za kulia na yule za kushoto.

Sasa, reli yake ilianzia kwenye ndoo iliyofunikwa aliyoiita Mashariki, na kihistoria ilipaswa kuishia baharini. Maji pekee yaliyoonekana upande wa magharibi yalikuwa kwenye hodhi kuukuu la bafuni ambamo mama mkwe alikinga mvua. Hiyo ndiyo Pasifiki. Kati ya ndoo na hodhi palikuwa na mchicha wa mama.

Mkwe kwetu habishiwi wala hatazamwi usoni sana, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa ukalimani tu. Mama alikuwa ameketi juu ya kreti, kanga juu ya koti, akichambua majani ya maboga.

"Anataka nini huyu na vyuma vyake?" akauliza.

"Anaomba njia, mama."

"Ya kupita nani?"

"Treni."

Mama aliitazama treni. "Abiria watakaa wapi?"

"Hawapo, mama. Ni ya kutazama."

"Mtu mzima huyu?"

"Ana miaka sabini na kitu."

"Maskini ya Mungu. Ana watoto?"

Nikamuuliza jirani. Akasema anao wawili, wote Australia. Nikamwambia mama.

"Basi mwache acheze. Njia hanyimwi mtu. Lakini mwambie mimi sisemeshwi hivihivi kama mlango wa soko. Kifungua mdomo kiko wapi?"

Nilimweleza jirani, kwa usahihi niliouweza, kwamba katika desturi zetu upande unaoombwa hupewa kitu kidogo kabla haujafungua mdomo, na kwamba mdomo wa mama kisheria bado umefungwa.

"Lakini amekuwa akiongea tangu nifike," alisema jirani.

"Hayo hayahesabiki."

Akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na pakiti ya biskuti za tangawizi. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kanga, akasema ndiyo. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Njia ya upana wa futi moja, kutoka mpakani hadi kwenye hodhi, kwa kupita tu.

Kabla ya kukubali upande wangu nilipima. Sheria ya kamati inahesabu vijia kama sehemu ya kilimo, mradi visizidi upana wa futi moja. Kwa hiyo reli ingehesabiwa kuwa kijia, na robo tatu yetu ingebaki salama, ingawa ziada ilikuwa ndogo, haizidi tuta moja la vitunguu.

Jirani alipokuwa akilaza mataruma, vile vibao vya kubebea reli, nilimsimulia yaliyotokea kule Marekani. Kwamba makampuni ya reli hayakupewa njia tu, bali na viwanja vya pande zote mbili, kimoja chao na kimoja cha serikali kama ubao wa dama, nayo yakawauzia walowezi. Kwamba wenyeji wengi waliweka alama zao kwenye mikataba wakidhani wanatoa ruhusa ya kupita, na wenzao wakidhani wamepewa ardhi.

"Najua, bab," alisema huku amepiga magoti. "Lakini mimi nataka njia tu."

"Nao walisema hivyohivyo."

Akacheka. Nami nilicheka.

Wiki iliyofuata walikuja walowezi. Walikuwa wa plastiki, urefu wa kidole cha kati, wakiwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe yenye vifuniko vya turubai. Walipangwa mstari kando ya reli upande wetu, chini ya mchicha, ambao kwao ulikuwa msitu. Mama alipochuma mboga aliwainua mmoja mmoja na kuwarudisha. Nilimwona akimfuta tope mwanamke mmoja mwenye kofia.

"Huyu anaumwa," aliniambia. "Tazama alivyoinama."

"Anafua, mama."

"Kila siku?"

Kisha jirani akaleta mahema ya wenyeji, matano, akayaweka karibu na hodhi letu. Alisema kwa uaminifu kabisa kwamba kwa kuwa reli inaingia kwetu, na kihistoria reli iliingia kwao, basi hapo ndipo mahali pao. Mama aliniita.

"Hawa ni nani?"

"Wenyeji wa ile nchi. Wenye ardhi."

"Kwa hiyo ni sisi."

"Kwa mpango wake, ndiyo, mama."

Akawakagua. "Mbona tumepewa farasi mmoja? Na wale kule wana farasi kumi na ng'ombe. Muulize."

Nilimuuliza. Jirani alisema farasi wengine wamo njiani, ameagiza, posta imechelewa. Nikamtafsiria mama. Mama alisema posta ya watu wengine haichelewi.

Kuanzia hapo alichukua upande. Kila asubuhi, kabla jirani hajafika kwa basi lake kutoka Northfield, mama alihamisha mahema kidogo kuelekea mashariki. Mwanzoni yalivuka vitunguu. Kisha yakavuka mpaka. Siku moja jirani alikuta kijiji kizima kimekaa katikati ya kabichi zake, farasi yule mmoja amefungwa kwenye jela.

"Hii haikutokea," aliniambia. "Kihistoria hawakurudi mashariki."

Nilikiri kwamba sina rejea inayothibitisha. Nikamtafsiria mama, naye akasema, "Mwambie hawakurudi kwa sababu hakuna aliyewabeba."

Jirani alifikiri juu ya jibu hilo, akatikisa kichwa, akaacha mahema yalale kabichini. Huo ndio uungwana wake, na naomba ukumbukwe kwa yanayofuata.

Wiki mbili kabla ya ukaguzi alipanda miti.

Ilikuwa misonobari midogo ya kweli, hai, ile inayouzwa kwenye vyungu na haikui kupita goti. Saba. Aliichimbia mashimo kandokando ya reli, upande wetu, akaimwagilia. Treni ilipita kati yake ikitoa filimbi na, kusema kweli, ilipendeza.

Mama alikuwa akinawa kwenye hodhi. Aliposimama na kuiona miti, ndoo ilimponyoka.

"Amepanda miti! Mwanangu, njoo uone, amepanda miti kwenye shamba la watu!"

Msomaji ambaye hakukulia pwani anaweza kudhani kwamba mama alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Kwetu unaweza kumruhusu mtu alime shambani kwako miaka kumi: apande muhogo, mahindi, kunde, avune na kula, na shamba libaki lako. Lakini hutamruhusu apande mti. Mti unakaa. Aliyepanda mti amepanda madai, na watoto wake watakuja kusimama chini yake na kusema huu ni wa baba. Nimewahi kuona ndugu wawili wakipelekana kwa kadhi kwa mnazi mmoja uliosimama kwenye ardhi isiyo yao wote wawili. Najua sheria ya Uingereza haisemi hivyo. Hata hivyo nilipoiona ile misonobari tumbo langu lilifika kwenye hukumu kabla ya akili.

Nilimwendea jirani. "Tafadhali ng'oa miti."

"Miti?" Alinitazama kama nimemwomba ang'oe meno. "Nimewapitishia treni katikati ya mboga zenu, nimewaletea walowezi, na hamkusema kitu. Sasa miti?"

"Treni si neno. Treni inapita. Mti umekaa."

"Bab, ni mapambo."

Nikajaribu njia ya historia. Nilimweleza kwamba kwa hesabu ya umbali kutoka kwenye ndoo yake, pale ni uwanda wa nyasi, ambako miti ilikuwa haba kiasi kwamba hata mataruma yaliletwa kutoka mbali. Misonobari pale ni kosa la kitaaluma.

"Hapo ni milimani," alisema.

"Milima ni lile rundo lako la mboji. Ulisema mwenyewe."

"Nimeihamisha."

"Huwezi kuhamisha milima."

"Nyie mmehamisha kijiji!"

Alikasirika kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Siku ya pili tulikuta ngome ya mbao kando ya miti, na askari wa farasi wenye makoti ya buluu, bunduki zote zikielekea mchicha wetu. Mama aliwahesabu kwa kidole. Kisha alichukua toroli, akaenda kwenye rundo la samadi ya farasi tunaloletewa na watu wa zizi, akafunika reli yote ya upande wetu kwa unene wa kiganja. Treni ya saa nne ilitoka kwenye kabichi kwa mwendo wa kawaida, ikaingia kwenye samadi, ikapiga filimbi mara moja, ikazama.

Jirani aliifukua kwa mikono. Mimi nilisimama kati yao na nikagundua kuwa sina la kutafsiri.

Ndipo nikatoa tepu yangu, kwa sababu ni jambo ninalolijua. Matokeo hayakupendeza. Kanuni inasema miti isiyo ya matunda haihesabiwi kuwa kilimo, na udongo ulioizunguka hauhesabiwi pia. Miti saba na ngome vilikuwa vimemeza ziada yetu yote na zaidi. Tulikuwa chini ya robo tatu. Siwezi kung'oa miti ya mtu bila idhini yake. Hilo nalo liko kwenye kanuni. Nilimweleza mke wangu jioni. Alitazama kile kiti karibu na kipasha joto, akaenda kukihamishia chumba cha nyuma, kana kwamba kiti ndicho chenye kosa.

Siku ya ukaguzi alikuja katibu wa kamati, mama wa Kisikh aliyezaliwa Kisumu na kuletwa huku akiwa msichana, mwenye buti za mpira na tepu ndefu kuliko yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, na alikifurahia kila alipopata wa kumjibu.

"Habari yako, shosho?" alimsalimu mama.

"Shosho ndiyo nani?" mama aliniuliza.

"Nyanya, mama. Bibi."

"Mwambie mimi si bibi yake, labda dada."

"Haya, dadangu," alisema katibu, na akageukia kishamba. Alitazama reli, samadi, misonobari, ngome, askari, walowezi, na mahema matano yaliyojaa kwenye kabichi za jirani. "Na hii ni nini sasa?"

Jirani alieleza kwa Kiingereza. Mimi nikaeleza kwa Kiswahili. Kadiri tulivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana kama mtu anayesikiliza kesi ya ndoa.

"Mimi sitaki story ya cowboy," alisema mwishowe. "Nataka mboga. Reli ni njia, hiyo naweza kukubali, ukitoa hiyo mavi juu yake. Lakini hizi miti si mboga. Na hii kambi ya jeshi si mboga." Akapima, akaandika, akapima tena. "Pole sana, ndugu. Uko chini. Kidogo tu, lakini uko chini. Sheria ni sheria, na watu wako kwenye laini wanangoja."

Nilimtafsiria mama kwa Kiswahili cha kwetu, ingawa alikuwa amekwisha kuelewa. Aliinuka kwenye kreti.

"Tumechukuliwa?" akaniuliza.

"Bado, mama. Lakini ndiko tunakoelekea."

Akamgeukia jirani, akamwambia yeye moja kwa moja, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo vishamba vyote viliisikia: "Si umepanda miti? Basi chukua! Mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Chukua na reli, chukua na jeshi lako, chukua na samadi! Lakini apimiwe yeye! Mimi nipimiwe mchicha wangu!"

Hakuwa anapanga hila. Alikuwa anamlaani. Lakini mimi ni mkalimani, nikatafsiri neno kwa neno, kwa Kiingereza, mbele ya katibu, hata samadi.

Katibu alikuna shavu kwa kalamu. "Hata kwetu iko hivyo," alisema taratibu. "Babangu alipigania mwembe miaka mingi." Akamgeukia jirani. "Hii miti ni yako?"

"Ni yangu. Nina risiti."

"Na unasema hii sehemu ni ya reli yako, na ngome ni yako?"

"Kila kitu ni changu," alisema jirani, bado na hasira yake.

"Sawa. Basi nitapima hii yote kwako."

Jirani naye, kama mimi, aliishi kwa hesabu ya ile robo tatu. Mji wa barabara moja na milima ya mboji vilikuwa vimemwachia ziada ndogo kuliko yetu. Nilimwona akipiga hesabu. Aligeuka akatazama kabichi zake, zilizokaliwa na kijiji, na mahema nayo hayakuwa mboga.

"Subiri, bab," alisema.

Akapiga magoti kwenye samadi, mtu wa miaka zaidi ya sabini, akaanza kung'oa. Msonobari wa kwanza ulitoka na mizizi yote. Katibu alishika tepu na kusubiri. Mti wa tatu uligoma. Nilipiga magoti nikashika upande wa pili. Wa tano aliung'oa mama, kwa mkono mmoja, akampa jirani kwa heshima, kwa mikono miwili. Ngome na jeshi viliondoka vimebebwa ndani ya ndoo ya plastiki. Mahema yalirudi kando ya hodhi, nami niliyapanga kwa upana wa futi moja ili yahesabiwe kijia.

Katibu alipima mara ya tatu.

"Umepita, lakini hiyo mavi itoke leo," aliniambia. "Na wewe pia," akamwambia jirani. "Lakini nikirudi mwaka ujao nikute vita nyingine hapa, nawapeleka nyote Nakuru mkachunge ng'ombe."

Alipoondoka, jirani aliketi kwenye mpaka. Mama alimmiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, ya kwetu, yenye iliki, akasimama hapo mpaka akaimaliza. Kisha alinigeukia mimi na kuniambia kuwa mkulima anayengoja wageni waje ndipo apige magoti si mkulima, na kama nimekaa bure basi niiondoe samadi relini niitie kwenye maboga, inapotakiwa, na nisiirushe kama mtu anayefukuza inzi.

Jirani alipoteza bei ya misonobari saba, pauni arobaini na mbili, kwa kuwa duka halirudishi fedha za mimea iliyokwisha pandwa. Kwa upande wetu, tungeondolewa, tungepoteza kodi ya mwaka pauni sitini na nne, dhamana ya ufunguo pauni kumi, na ada ya kusafishiwa kiwanja pauni themanini. Jumla iliyookolewa ni pauni mia moja hamsini na nne.